Jembe Lilibaki Nyumbani: Wanawake Wetu Katika Miaka ya Vita

Mwaka huu Chama chetu Kikuu cha Ushirika kinatimiza miaka kumi. Katika kurasa nyingine za kitabu hiki wanachama watasoma hesabu za mazao, habari za maghala yaliyojengwa, na majina ya viongozi waliotutangulia. Sisi tumepewa kazi ya historia. Tulipoketi kuifikiri, tuliona kwamba historia ya mkulima wa Afrika Mashariki haielezeki sawasawa kwa kutaja mazao na bei peke yake. Mara mbili katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita wanaume waliitwa kwa maelfu waende vitani, na mara zote mbili mashamba hayakufa. Wako watu walioyalima. Watu hao ni mama zetu na bibi zetu, nao ni wachache mno walioandikwa katika kitabu chochote.

Wazee wetu wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi watu wa ushirika twaijua sana methali hii, kwa kuwa ndiyo inayowasimamisha makatibu na waweka hazina wetu mbele ya mkutano mkuu kila mwaka. Lakini yafaa tuipanue kidogo. Si mali tu. Hata kazi isiyo na daftari hupotea bila habari, na aliyeifanya hukosa haki yake. Hilo ndilo tunalotaka kulionyesha hapa. Vita viliihamisha kazi kutoka mikononi mwa mwanamume na kuitia mikononi mwa mwanamke, lakini haki ya kazi ile, yaani jina katika daftari, haikuhama pamoja nayo.

Vita vya 1914 hadi 1918

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, na jirani zetu wa Kenya na Uganda walikuwa chini ya Waingereza. Pigano kubwa la kwanza lilikuwa Tanga, mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na bunduki hazikunyamaza hata kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Mji huo leo waitwa Mbala, nao umo katika nchi ya Zambia. Kwa miaka minne majeshi yalifukuzana kutoka Kilimanjaro mpaka mto Ruvuma na kuvuka ng'ambo yake. Malori yalikuwa machache, njia zilijaa matope wakati wa masika, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa ugonjwa uletwao na mbung'o. Basi risasi, unga, dawa na mahema vyote vilipita kichwani na mabegani mwa watu.

Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi wapatao milioni 1 walichukuliwa kutoka nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Nchini Kenya sheria ya kuwaandikisha watu kwa nguvu ilitungwa mwaka 1915, na mwaka 1917 msako mkubwa ukapita vijijini, hata zipo wilaya zilizobaki na wazee, watoto na wanawake tu. Jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, liligeuka kinywani mwa watu likawa Kariakoo, nalo hata leo ni jina la soko kubwa la Dar es Salaam, kama Kariokor ilivyo mtaa wa Nairobi. Vifo vilivyoandikwa katika hesabu za serikali vilipita 95,000, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi ya kweli ilizidi 100,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, kichomi na njaa.

Hizo ni hesabu za waliokwenda. Sasa tuwatazame waliobaki.

Katika makabila yetu mengi kazi za shamba zilikuwa zimegawanywa tangu zamani. Mwanamume alifyeka pori, akakata miti, akajenga ghala na ua. Mwanamke alipanda, akapalilia, akavuna na kuitunza nafaka. Mwanamume alipoondoka, mkewe hakubadilishiwa kazi, aliongezewa. Lakini ni vigumu mtu kufyeka pori jipya hali ana mtoto mgongoni, na palizi ya shamba la zamani yamngoja. Hivyo mashamba yakapungua ukubwa, na ardhi ile ile ikalimwa mwaka baada ya mwaka mpaka ikachoka. Mahali pengine wanawake wakazidisha muhogo, kwa kuwa hautaki ulinzi wa ndege kama mtama na uwele, nao waweza kukaa udongoni usionekane mpaka askari wapite. Mtu akiuliza kwa nini mazao ya chakula yalibadilika katika sehemu kadha wa kadha za nchi, asimtafute bwana shamba peke yake. Amtafute pia mama aliyekuwa hana msaidizi.

Palikuwa na hatari nyingine kubwa kuliko uchovu. Majeshi ya pande zote mbili yalikula nchini. Yalipopita, yalichukua nafaka na mifugo, ama kwa malipo madogo, ama kwa kunyang'anya. Ghala lilikuwa chini ya ulinzi wa mama wa nyumba, naye ndiye aliyejua limebaki na siku ngapi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi za vita hivi zilikuwa mtama uliokwisha kupurwa na kuhifadhiwa.

Mfano mkubwa ni Ugogo. Huko ng'ombe na nafaka zilichukuliwa kwa ajili ya majeshi, vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliendelea mpaka baada ya vita kwisha, na yakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma iliyokuwa na watu wapatao 150,000. Mwaka 1918 ukaja pia ugonjwa wa mafua makali yaliyoizunguka dunia nzima. Katika njaa ile wanawake walitembea safari za siku nyingi wakitafuta chakula cha kubadilishana na kazi ya mikono yao, na wapo waliolazimika kuwaweka watoto wao kwa watu wenye nafaka ili wasife. Tunayasema haya kwa heshima, maana wajukuu wa wanawake hao wako hai nasi leo, na wengi ni wakulima hodari. Ukame peke yake Wagogo walikuwa wameuzoea, nao walikuwa na njia zao za kuushinda: ng'ombe wa kubadilisha na nafaka, jamaa wa mbali wa kukimbilia, na vijana wa kutuma. Vita viliziondoa njia hizo zote kabla mvua hazijakosekana.

Mke au mjane?

Vita vilipokwisha, wapagazi waliosalia walirudi. Wale wasiorudi hawakutangazwa. Mpagazi aliandikwa na karani asiyeijua lugha yake, pengine kwa jina la baba yake, pengine kwa jina la chifu wake, na pengine kwa jina la utani. Akifa njiani alizikwa njiani. Mkewe alikaa akitazama njia, asijue kama yeye ni mke au ni mjane. Jambo hili halikuwa dogo. Katika mila zetu nyingi mjane ana matanga yake, ana warithi wake, ana shamba atakalopewa na jamaa ya mumewe. Katika dini ya Kiislamu mjane ana eda yake, na mke wa mtu aliyepotea hukaa akingoja hukumu ya kadhi. Mtu asiyejulikana kama ni mke au mjane hana shauri linaloweza kukatwa. Hawezi kuolewa, hawezi kurithi, hawezi kuhama, wala hawezi kukataa kuhamishwa.

Zaidi ya hayo ilikuwapo mishahara. Maelfu ya wapagazi walikufa wakiwa wanaidai serikali, na fedha zao hazikuwafikia jamaa zao kwa kuwa majina hayakulingana au hayakupatikana. Baada ya vita pakawa na mashauri marefu kati ya maafisa juu ya fedha hizo, lakini wengi wa wajane hawakupata kitu. Kule juu palikuwa na hesabu ya fedha bila mtu, na huku chini palikuwa na mtu bila fedha. Kilichokosekana kati yao ni mstari mmoja wa wino ulioandikwa sawasawa.

Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam, nayo ingali pale. Nairobi nako zilisimamishwa sanamu tatu, na mojawapo ni ya mpagazi. Hapana sanamu ya mwanamke mwenye jembe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, waliokufa katika utumishi wa vita ile, hawakukumbukwa kwa majina, au yamkini hawakukumbukwa kabisa. Ikiwa waliokufa vitani walisahauliwa hivyo kwa miaka mia, si ajabu kwamba waliobaki nyumbani walisahauliwa zaidi.

Walikoanzia vita

Mtu asidhani kwamba jambo hili lilikuwa la Afrika peke yake. Tuzitazame kidogo nchi za Ulaya zilizopigana.

Ufaransa ya 1914 ilikuwa nchi ya wakulima wadogo, kama sisi. Siku chache baada ya vita kuanza, waziri mkuu wao, René Viviani, aliwaita wanawake wa mashambani wamalize mavuno na kutayarisha mashamba ya mwaka unaofuata, kwa kuwa waume zao wamekwenda mpakani. Waliitika. Walilima kwa farasi wazee waliokataliwa na jeshi. Lakini kwa sheria ya nchi ile mke hakuwa na madaraka nyumbani mwake wala juu ya watoto wake. Hivyo ikabidi itungwe sheria ya tarehe 3 Julai 1915 ya kumpa mke madaraka ya baba kwa muda wa vita tu. Zingatieni maneno hayo: kwa muda wa vita tu. Vita vilipokwisha palikuwa na wajane wapatao 600,000 nchini mle. Hata hivyo wanawake wa Ufaransa hawakupata haki ya kupiga kura mpaka 1944, na mke hakuweza kufungua hesabu ya benki bila idhini ya mumewe mpaka 1965.

Uingereza nako liliundwa mwaka 1917 jeshi la wanawake wa kulima mashamba, likaundwa tena mwaka 1939, na katika vita vya pili lilifikia zaidi ya wanawake 80,000. Desemba 1941 sheria ikaruhusu hata wanawake wasioolewa waitwe kwa lazima katika utumishi wa taifa. Lakini serikali ilipopanga marupurupu ya kuwapa watumishi wa vita baada ya amani, wanawake wa mashamba hawakutiwa katika hesabu sawa na wenzao, na mkuu wao, Bibi Denman, akajiuzulu mwaka 1945 kwa kulipinga jambo hilo. Naye alikuwa mama wa cheo katika nchi tajiri iliyoshinda vita. Ikiwa huko mambo yalikuwa hivyo, mama wa Kondoa au wa Masasi angemwendea nani?

Vita vya 1939 hadi 1945

Vita Kuu ya Pili vilivyochukua vijana wetu viliwapeleka mbali zaidi. Askari wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakaenda Bukini mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944 na 1945. Jumla ya waliotumikia kutoka Afrika Mashariki ilizidi 250,000, na katika hao zaidi ya 80,000 walitoka Tanganyika. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Japani, wakaangamia watu 1,297, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Wala si jeshi tu lililochukua watu. Majapani walipoteka nchi za mashariki mwa Asia mwaka 1942, Waingereza na Wamarekani walikosa kamba za Ufilipino na mpira wa Malaya. Mkonge wa Tanganyika ukawa silaha. Makumi elfu ya wanaume wakaandikwa kwa lazima, wakapelekwa katika mashamba ya mkonge na ya mpira. Kadhalika pareto, ambayo dunia ilikuwa ikiipata zaidi kutoka Japani, ikawa yatoka Kenya, ambayo ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo, na mikono iliyochuma maua yale kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake na watoto. Dawa ya pareto ilimkinga askari na mbu na chawa huko alikokuwa.

Safari hii serikali ilikuwa imejifunza kidogo. Askari aliandikwa kwa namba, na aliweza kukata sehemu ya mshahara wake ipelekwe kwao kila mwezi. Fedha zilipitia boma. Hapo ndipo twaona tena habari ya daftari. Askari ndiye aliyeandikisha jina la mpokeaji. Wapo walioandikisha wake zao, na mke wa namna hiyo alitembea mpaka boma, akaitwa mbele ya karani kwa jina lake, akatia dole gumba, akapokea fedha zake mkononi. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kuitwa na serikali kwa jina lao wenyewe. Lakini wapo pia walioandikisha baba au kaka, ama kwa desturi, ama kwa kutowaamini wake zao wakiwa mbali. Mke wa namna hiyo alilima shamba la mumewe mwaka mzima, akalisha wazee wa mumewe, kisha akamwomba shemeji fedha za chumvi na nguo. Wanawake wawili majirani, wenye kazi moja na waume katika kikosi kimoja, walitofautiana maisha yao yote kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kambini, mbali na nyumbani, wala wao hawakuulizwa.

Tena ilikuwapo habari ya barua. Wanaume wengi walijifunza kusoma na kuandika jeshini. Wake zao aghalabu hawakujua. Barua ilipofika ilipelekwa kwa mwalimu au kwa katekista, ikasomwa kwa sauti mbele ya watu. Na jibu likaandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Mambo ya siri ya mke na mume yalipita kinywani mwa mtu wa tatu. Twaamini kwamba wengi wa akina mama waliosisitiza baadaye kuwapeleka binti zao shule walikuwa na kumbukumbu ya barua zile.

Chakula nacho kilikuwa haba. Miaka ya 1942 na 1943 mvua zilikosekana Kenya na katika sehemu za kati za Tanganyika, hali chakula kingi kilikuwa kimekwenda jeshini na kwenye mashamba makubwa. Wakikuyu waliiita njaa ile kwa jina la muhogo, kwa kuwa unga wa muhogo ndio uliowaokoa. Amerikani, sukari na mafuta ya taa vikaadimika. Basi wanawake wakarudia desturi ya kale ya kusaidiana: leo shamba la huyu, kesho la yule. Wengine huiita ujima. Huko Upare huitwa msaragambo. Hapakuwa na katiba, wala kiingilio, wala mwenyekiti aliyechaguliwa kwa kura. Lakini aliyekosa kufika bila udhuru alijua kwamba siku yake haitafika mtu. Sisi wana-ushirika hatuna budi kuwataja hao kama watangulizi wetu.

Wanawake wa Upare

Kuna tukio moja la miaka hiyo ambalo yafaa kila mwanachama alijue. Katika miaka ya vita watu wa Upare walitozwa kodi ya nyongeza, iitwayo mbiru, iliyopimwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu. Watu waliiona kuwa ya dhuluma, hasa kwa jinsi mali ilivyokadiriwa. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakaenda Same, makao ya wilaya, wakakaa huko bila fujo wakitaka shauri lao lisikizwe. Walikaa siku nyingi.

Sasa ulizeni: walikula nini? Walikula kilichopikwa na kupelekwa kutoka milimani. Nani alilima? Waliolima ni wale wale ambao mgogoro huo haukuwataja, kwa kuwa mwanamke hakuandikwa katika daftari la kodi. Lakini hata ilipofika 1946 shauri lilikuwa bado halijakatwa, na wanawake wakaona yatosha. Huko Usangi walikusanyika kwa mamia, wakawakabili wakubwa waliokuja kwao, wakadai ama shauri limalizwe ama waume zao warudi nyumbani. Mawe yakatupwa. Maafisa hawakuwa wamezoea kusemeshwa na wanawake, nao hawakuwa na jibu tayari. Mwishowe kodi ile ikaondolewa.

Hatuwasifu kwa mawe. Twawasifu kwa hoja. Walionyesha wazi kwamba kazi yao ndiyo iliyokuwa ikiendesha nchi wakati wanaume hawapo, na kwamba anayebeba mzigo ana haki ya kuuliza utawekwa wapi.

Baada ya amani

Askari walirudi mwaka 1945 na 1946. Walirudi na akiba, na ujuzi, na mawazo mapya. Wengine walifungua maduka, wengine walinunua malori, wengine walipanda kahawa. Bei za mazao zilipopanda katika miaka iliyofuata, vyama vya ushirika vikaongezeka. Sheria ya vyama vya ushirika Tanganyika ilikuwa imetungwa mwaka 1932, na Chama Kikuu cha Kilimanjaro, yaani KNCU, kiliundwa mwaka 1933. Lakini ni baada ya vita ndipo ushirika ulipoenea kwa kasi katika kahawa na pamba.

Twaona fahari kwa habari hiyo. Hata hivyo mwandishi wa historia hana budi kusema yote. Mwanachama aliyeandikwa alikuwa mwenye shamba, na mwenye shamba kwa desturi alikuwa mwanamume. Kule Kilimanjaro kahawa ilipandwa katikati ya migomba: ndizi zilikuwa za mama, na fedha za kahawa zilikuwa za baba, ijapokuwa udongo ni mmoja na samadi ni moja. Mama aliyelima peke yake miaka sita hakuulizwa kitu wakati wa kuandikisha wanachama. Hatusemi kwamba ilikuwa hila ya mtu. Ilikuwa ni mazoea; na mazoea hayaandiki barua ya kukuarifu kwamba yamekunyima haki yako.

Vita vya Kagera

Wanachama wetu wenye umri mkubwa wamekwisha kusema mioyoni mwao kwamba vita vingine wanavikumbuka wenyewe. Ni kweli. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuishika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Watu wengi waliuawa, mifugo ikachukuliwa, na makumi elfu wakakimbilia kusini ya mto, wanawake wakiwa na watoto mgongoni na vyombo kichwani. Jeshi letu likakua upesi kwa kuwaita mgambo, ambao wengi wao walikuwa wakulima. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979.

Kwa mara ya tatu jembe likabaki nyumbani. Mikoa yote ilichanga ng'ombe na nafaka, na baada ya ushindi ikafuata miaka ya dhiki, miaka ya foleni za sabuni, sukari na khanga, ambazo akina mama walizipanga tangu alfajiri. Lakini kuna jambo ambalo watu wa ushirika hawana haki ya kulisahau. Vyama vikuu vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na mazao yakawa yananunuliwa na mamlaka za serikali. Hivyo katika dhiki ile mkulima hakuwa na chama kikuu chake mwenyewe cha kumsemea. Sheria ya kuvirudisha ilitungwa mwaka 1982. Mjane wa 1918 alikosa jina katika daftari. Mke wa mgambo wa 1979 alilikosa hata daftari lenyewe la ushirika.

Daftari letu

Sasa tuirudie sherehe yetu. Tangu siku zile sheria zimebadilika sana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtambua mke kuwa ana haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Sheria za Ardhi za 1999, pamoja na ile ya Ardhi ya Vijiji, zasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Lakini sheria hukaa Dodoma, na daftari hukaa kwenye mzani wa chama cha msingi. Mkulima hukutana na daftari kwanza.

Kwa hiyo, katika mwaka huu wa kumi, twawaomba makatibu na wajumbe wa vyama vyetu vya msingi wayafungue madaftari yao na kuyasoma jina kwa jina, kama wasomavyo hesabu ya fedha. Wauliize kila jina: Je, mtu huyu yu hai? Je, ndiye alimaye? Kama mazao yaletwa na mama, kwa nini hundi yaandikwa kwa mwingine? Kama mume amekwenda mjini, au mgodini, au kwenye ulinzi wa amani katika nchi za wenzetu, je, mkewe aweza kusimama katika mkutano mkuu na kupiga kura, au atasikiliza nje ya mlango? Na mwanachama akifa, mjane wake asizungushwe kama walivyozungushwa wajane wa wapagazi, akiambiwa kwamba jina halionekani.

Nanyi akina baba, wanachama wenzetu, msiione habari hii kuwa ya kuwapunguzia. Mume anayemwandikisha mkewe pamoja naye hapotezi shamba, analiwekea shahidi. Askari wa 1944 aliyeandikisha jina la mkewe alilala usingizi huko Burma, akijua kwamba watoto wake watakula. Yule mwingine hatujui alilalaje.

Vita twaomba visirudi. Lakini mwanamume aweza kuondoka kwa ugonjwa, kwa kazi, au kwa kifo, na shamba halijui tofauti. Siku hiyo itamkuta mtu mmoja amesimama na jembe mkononi. Basi na tumwandike mapema, kwa wino ulio wazi na kwa jina lake kamili, ili chama chetu kitakapoadhimisha mwaka wa ishirini, watakaoandika historia wasihangaike kumtafuta.